Mbuzi Walionyolewa Mwezi wa Kumi

Nilizaliwa Kongwa, mkoani Dodoma, ambako mvua huja kama mgeni wa kupita: anachelewa kufika na anaondoka kabla ya chakula. Kwetu mbuzi hufa kwa njaa, kwa kupe, kwa fisi, na zaidi kwa sikukuu. Sikuwahi kusikia mbuzi aliyekufa kwa kunyeshewa. Nalitanguliza hili si kwa kujitetea, maana utetezi wangu ulikwisha siku nyingi, ila msomaji ajue ujinga wangu ulitoka wapi.

Mwaka 2012 nilipangiwa kazi Kibondo. Nilikuwa afisa mifugo kijana, mwenye cheti kipya na pikipiki iliyokuwa imezeeka kuliko mimi. Kwetu tulizoea kutaniana kwamba Kigoma ni mwisho wa reli; nilipofika Kibondo nikagundua hata hiyo reli yenyewe ilikuwa mbali. Nilishuka na godoro, jiko la mafuta na kiburi kingi. Watu waliniita bwana mifugo, na baada ya miezi michache nikawa sigeuki tena mtu akiniita kwa jina langu.

Mwaka uliofuata ukaja mradi. Ofisi yake ilikuwa Kasulu, kwenye nyumba ya kupanga yenye bango kubwa, na mimi nikaazimwa ili niwe mtaalamu wao upande wa Kibondo. Mratibu wa mradi alikuwa mtu mcheshi, mwenye simu mbili na ahadi zisizohesabika. Ahadi yake kwangu ilikuwa moja tu: mradi ukienda vizuri, ataniandikia barua ya kunipendekeza nikasome shahada Morogoro. Niliing'ang'ania barua hiyo kabla haijaandikwa.

Siku moja lori likashusha mbuzi sita katika kijiji kimoja upande wa Busunzu. Walikuwa weupe, masikio yamelala, pembe zimepinda kwenda nyuma, na mwili mzima umefunikwa manyoya marefu yaliyojisokota na kuning'inia mpaka karibu na magoti. Yaling'aa. Watoto wa shule walikimbia kuja kuona, wakacheka mpaka wakakaa chini. Mzee mmoja alizunguka lori mara mbili, akasema huyu ni kondoo aliyepotea njia.

Nikasimama mbele ya watu nikatoa somo. Nikasema hawa wanaitwa mbuzi wa Angora, na manyoya yao yanaitwa moheri. Nikasema hunyolewa mara mbili kwa mwaka, manyoya husafishwa, husokotwa kuwa uzi, na uzi hufumwa mashali, mablanketi, hata makoti ya matajiri. Nikasema ni mepesi na yana joto, hayajikunji ovyo, na rangi ikiyaingia haitoki upesi. Kasulu kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokuwa tayari wameletewa magurudumu ya kusokotea. Watu walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mwanamume mmoja akauliza, "Na nyama yake?"

"Inaliwa," nikasema. "Lakini ninyi msile."

Walicheka, nami nikacheka, na kikundi cha ufugaji kikaundwa siku hiyo hiyo, watu kumi na wanane. Likabaki swali la nani akae na mbuzi. Mradi ulitaka banda moja la mfano, si mbuzi mmoja mmoja kila nyumba.

Hapo nikajifunza desturi ambayo chuoni hakuna aliyenifundisha. Kule Buha, nchi ya Waha, mtu akiwa na mnyama na hana nafasi, humkabidhi mwenzake amfugie. Wao husema kuragiza. Mfugaji hupata mbolea na maziwa, na mnyama akizaa vizuri, siku moja hupewa ndama au mtoto wa mbuzi awe wake. Mnyama akifa, mfugaji humchuna na kuipeleka ngozi kwa mwenyewe. Asiyeleta ngozi amekula. Aliyeleta ngozi huulizwa alifia wapi. Akifia zizini, ni mambo ya Mungu. Akifia nje, huulizwa nani alimtoa. Na hapo mfugaji hatakiwi kutaja mtu. Hunyamaza, na aliyemtoa mnyama husimama na kujisema mwenyewe. Mtu mzima hasemewi, ndivyo walivyoniambia. Nikaona ni desturi nzuri, nikaiandika kwenye daftari langu.

Aliyepewa mbuzi alikuwa mama mmoja mjane. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amebebwa mgongoni, akakulia hapo, akaolewa hapo, akamzika mume hapo, na karatasi za uraia alikuwa nazo. Alikuwa na migomba, shamba la maharage na mikono isiyotulia. Alikubaliwa kwa sababu nyumba yake ilikuwa na uwanja wa banda na watoto wake walikuwa wameshaoa na kuolewa. Lakini wapo waliokunja nyuso. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyekuwa amemwachia hata kuku amchungie. Aliniambia hivyo yeye mwenyewe tulipokuwa tunajenga banda.

"Bwana mifugo, hizi nikizifuga vizuri, watu watanipa na za kwao," alisema. "Mtu asiyepewa mnyama huku ni kama hayupo."

Banda tulilijenga kwa ramani yangu. Niliagiza liinuliwe kutoka ardhini, sakafu ya mabanzi, kuta za fito zenye nafasi ya vidole vinne ili hewa ipite. Kwetu joto ndilo adui. Yule mama alipitisha mkono kwenye nafasi hizo, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia mbuzi anataka hewa. Akaendelea kupigilia misumari.

Nimewaona wafugaji wengi, lakini sijaona mtu aliyefuga kama yeye. Adui mkubwa wa moheri ni takataka, na Kibondo nzima imeota kishona nguo, ule mmea ambao mbegu zake nyeusi zikikupata hazikuachi mpaka uzing'oe moja moja. Mbegu zikiingia kwenye manyoya, uzi unakuwa hauna maana. Basi kila jioni, mbuzi wakitoka malishoni, yule mama alikaa kwenye kigoda, akamlaza mbuzi mmoja mapajani na kumchambua kwa vidole, mpaka akamaliza wote sita. Alikuwa anawasemesha Kirundi. Mimi nilipita na pikipiki nikamtania kwamba hata waume hawasukwi hivyo. Akanijibu, "Ndiyo maana wanakimbia."

Tuliwanyoa mara ya kwanza mwezi wa pili mwaka 2014, katika zile wiki chache ambazo mvua hupumzika. Nilinyoa mimi na mwanakikundi mmoja niliyemfundisha. Ilikuwa asubuhi yenye jua, hapo hapo uani, na mbuzi wakarudi bandani wakiwa wembamba na wenye aibu. Jua likawaka siku kumi mfululizo. Hakuna aliyekohoa. Nikajiona bingwa.

Mara ya pili ilipaswa kuwa mwezi wa nane, kiangazi, manyoya yakiwa yamefikia urefu. Yule mama alinikumbusha mwishoni mwa mwezi wa saba. Nikampigia mratibu Kasulu kumwarifu. Akasema tusubiri. Wafadhili walikuwa wanakuja, na walitaka kuona mkasi ukifanya kazi kwa macho yao. Mwezi wa nane ukapita. Wageni wakasogeza safari. Mwezi wa tisa nao wakasogeza. Manyoya yakawa marefu mno, yakaanza kujifunga mafundo chini ya tumbo, na yule mama akawa anachambua mpaka giza linaingia. Kila nikipita ananiuliza, kila mara nampa jibu lile lile. Mwisho akaacha kuuliza, akawa anaangalia mawingu upande wa Burundi.

Kijitabu cha mbuzi hawa nilikuwa nacho, cha Kiingereza, na nilikuwa nimekisoma. Kilisema mbuzi aliyetoka kunyolewa asipatwe na mvua wala upepo wa baridi kwa majuma kadhaa, maana hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi na anaweza kufa siku hiyo hiyo. Nilikisoma kama mtu anavyosoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa. Nikasema, hilo ni la Wazungu na theluji zao.

Wageni wakapanga tarehe katikati ya mwezi wa kumi. Shughuli ikapangwa kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa nusu saa kutoka bandani, kwa sababu uani kwa yule mama gari zisingefika na turubai lisingeenea. Siku mbili kabla, nilikwenda kumweleza. Alikuwa anapalilia migomba. Akainuka, akajifuta mikono kwenye kitenge.

"Upepo umegeuka, bwana mifugo," akasema. "Imvura iko njiani. Waambie wageni waje waone mbuzi na manyoya yake, tutanyoa mwezi wa pili."

"Mama, tarehe imeshapangwa."

"Basi tunyoe moja. Waone moja."

"Nitaona," nikasema. Ukweli ni kwamba sikuwa na nia ya kuona chochote. Nilikuwa ninaifikiria Morogoro.

Siku yenyewe mbuzi walitolewa bandani saa mbili asubuhi, kwa agizo langu. Wageni walitarajiwa saa nne. Tairi zao zikapasuka njiani, wakafika saa nane. Ngoma ikapigwa, chai ikanywewa, mgeni rasmi akakaa meza kuu na wengine wakakaa chini ya turubai. Nikamlaza mbuzi wa kwanza kwenye gunia safi, nikaanza na tumbo kama inavyotakiwa, manyoya yakaanguka kwa kipande kimoja kama shuka. Wageni wakapiga makofi na picha. Mmoja wao, mama wa makamo, alishika manyoya akayapitisha shavuni. Nikasikia raha, siwezi kukana.

Nilipomaliza huyo wa kwanza, yule mama akanijia kutoka pembeni. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Akainama karibu na sikio langu.

"Moja wameiona," akasema. "Hizi tano nizirudishe. Huyu jike ana mimba, umeniambia wewe mwenyewe."

Wakati huo upepo ulikuwa umeanza kuinua kingo za turubai. Nilimtazama mratibu. Alikuwa amesimama nyuma ya mgeni rasmi, na bila kukatiza tabasamu lake akanionyesha vidole sita, kisha akaonyesha mahali mbele ya meza kuu palipotayarishwa magunia sita yapangwe kwa ajili ya picha. Nikageuka nikamwambia yule mama, "Tumalize tu, mama. Haichukui muda." Hayo ndiyo maneno yangu. Hakuna aliyenishikia kisu shingoni.

Basi risala ikasomwa upande mmoja na mimi na yule mwanakikundi niliyemfundisha tukawa tunanyoa upande wa pili, bila mtu kututazama tena. Yule jike mwenye mimba nilimweka wa mwisho, nikidhani kwa kumchelewesha nimemfanyia hisani. Saa kumi kasoro tulikuwa tumemaliza. Mbuzi sita walifungwa kwenye nguzo za goli, ngozi zao za rangi ya waridi zikionekana. Magunia sita yakapangwa. Picha ikapigwa.

Mvua haikuanza kwa manyunyu. Ilianza na upepo ulioligeuza turubai juu chini, ikafuata mvua ya mawe, kisha maji baridi yenye kuchoma, yaliyokuja kwa ubavu. Watu wakakimbilia madarasani. Wageni wakakimbilia magari. Mratibu akapiga kelele, "Mzigo! Mzigo!" na mimi, mtaalamu wa mifugo, nikanyakua magunia mawili begani nikakimbia nayo kwenye gari. Nikarudi nikachukua mawili mengine. Nilipoweka la sita ndani na kufunga mlango, hapo ndipo nilipogeuka kuangalia goli.

Yule mama alikuwa kule peke yake, anahangaika na kamba zilizokuwa zimelowa na kukaza. Kitenge chake kizuri alikuwa amemfunika yule jike. Nilikimbia nikamkuta anatumia meno.

Tuliwabeba mpaka darasa la nne. Madirisha hayakuwa na vioo. Tukawasogeza pembeni, mbuzi sita wamelowa, wanatetemeka kiasi kwamba kwato zao ziligonga sakafu. Wanawake wa kikundi wakavua vitenge wakawafunika. Tukawasugua kwa majani makavu, kwa magunia matupu, kwa sweta la mwalimu mmoja. Mwalimu mwingine akaleta makaa kwenye karai, na maji ya moto yenye sukari. Mbuzi hawakumeza. Mimi nilikuwa nakwenda huku na huku nikishika masikio yao, na kila nikishika yalikuwa baridi zaidi.

Kisha mmoja akaacha kutetemeka. Mwanakikundi mmoja akasema, "Huyu amepata nafuu." Nilijua siyo nafuu. Alikunja miguu ya mbele, akalala chini taratibu, akanyoosha shingo.

"Bwana mifugo, sindano," watu wakasema. "Mpige sindano."

Dawa ya baridi haipo kwenye chupa. Nilikuwa na dawa ya maambukizi na vitamini, basi. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na mtaalamu hawezi kusimama mikono mitupu, kwa hiyo nikavuta dawa nikamdunga yule mbuzi, na wa pili, na wa tatu. Niliwadunga wote. Yule mama alikuwa amekaa sakafuni amempakata jike mwenye mimba kifuani, akaniangalia ninavyofanya. Nadhani alielewa kwamba najifanya. Aliuliza jambo moja tu.

"Manyoya yako wapi? Tuwarudishie hata tuwafunike."

Magari yalikuwa yameshaondoka. Manyoya yalikuwa njiani kwenda Kasulu, makavu.

Mpaka jua linachomoza kesho yake walikuwa wamekufa watano. Jike mwenye mimba alikufa wa mwisho, mapajani mwa yule mama, na nilipompasua nikakuta mapacha. Aliyebaki alikuwa dume mmoja mzee, mgumu, sijui kwa nini yeye. Mvua ilikuwa imekatika, anga jeupe, na uwanja wa shule umejaa matope mekundu na vipande vya turubai. Nilikaa kwenye kizingiti cha darasa nikalia. Mwalimu mkuu akaniletea kikombe cha chai, akakiweka karibu yangu na kuondoka.

Simu ya mratibu iliingia saa tatu. Alisikitika, nadhani kwa dhati. Kisha akasema, "Kwenye taarifa andika homa ya mapafu. Ukiandika mvua, watauliza mvua iliwakutia wapi, na sisi tulikuwa wapi." Nikasema sawa. Baada ya hapo akasema barua yangu ameiandaa, imebaki sahihi.

Siku ya tatu kikundi kilikutana barazani mwa shule. Yule mama alikuja na ngozi tano, amezichuna vizuri, amezikunja. Akazitandika chini mbele ya mwenyekiti wa kikundi, moja baada ya nyingine, na hiyo ndogo ya jike akaiweka mwisho. Mwenyekiti alikuwa mzee mpole. Akauliza kama desturi inavyotaka.

"Zilifia wapi?"

"Shuleni," akasema yule mama.

"Nje ya zizi."

"Nje ya zizi."

"Nani alizitoa?"

Yule mama akanyamaza. Watu wote kumi na wanane walikuwa wanajua jibu. Walikuwapo, walicheza ngoma, walikula wali wa wageni. Lakini desturi haiulizi watu wanajua nini. Ilikuwa inasubiri mtu asimame na kujisema. Yule mama hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayemwangalia mwenzake aliyeshika mlango, akingoja aufungue.

Nikasimama. Miguu ilikuwa inasimama vizuri kabisa. Nikafungua mdomo, na mdomo ukaanza kueleza habari za mapafu. Nikaeleza jinsi mapafu ya mbuzi yanavyoweza kushambuliwa, jinsi dalili zinavyochelewa kuonekana, jinsi hali ya hewa inavyoweza kuchangia. Nilisema "kuchangia". Nilitumia maneno makubwa niliyojua hawatayauliza. Niliisikia sauti yangu kama inatoka redioni, na sikuweza kuizima. Kisha nikakaa.

"Kumbe zilikuwa zinaumwa," akasema mzee mmoja pole pole. "Na kikundi hatukuambiwa."

"Mtu wa kuja," akasema mwingine nyuma, si kwa sauti kubwa.

Mwenyekiti aliniangalia kwa muda. Nafikiri alinipa nafasi ya pili, nayo nikaiacha ipite. Akaamua kwamba dume lililobaki lihamie kwa mwanakikundi mwingine. Jioni ile ile wakaenda kulifungua. Wanasema yule mama aliwapa kamba yeye mwenyewe, akawaonyesha na namna ya kulichambua kishona nguo.

Wiki mbili baadaye nilikwenda Kasulu kufuata barua yangu. Mratibu aliisaini mbele yangu, akanipa mkono, akaniambia nipite nyuma nione kazi inavyokwenda. Nyuma ya nyumba wale akina mama walikuwa wameyamwaga manyoya juu ya mkeka, meupe, marefu kama kiganja na kidole. Wengine walikuwa wanasokota, uzi unatoka laini unang'aa. Shali la kwanza lilikuwa kwenye kitanda cha kufumia, limefika nusu. Mkubwa wao alikuwa mama mnene mwenye miwani. Akainua fungu la manyoya kwenye mwanga.

"Ya mara ya kwanza yalikuwa mazuri, lakini haya yamezidi," akasema. "Hakuna kishona nguo hata kimoja. Anayewatunza hao mbuzi ni nani? Mlete tumwone."

"Ni kikundi," nikasema.

"Hapana, kikundi hakichambui hivi. Huyu ni mtu mmoja."

Nikasema nina haraka. Barua ilikuwa mfukoni mwa shati, na njia nzima ya kurudi Kibondo niliisikia ikikwaruza kifua kila pikipiki iliporuka shimo.

Yule mama alikuja ofisini kwangu mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa ametembea sehemu kubwa ya njia. Matope yalimfika kwenye vifundo. Nilimkaribisha kiti, akakaa pembeni mwa kiti. Tukasalimiana kwa kirefu, habari za migomba, habari za wajukuu, habari za kwetu Dodoma. Nilikuwa naogopa. Alinisaidia kwa kuingia kwenye shida yake mwenyewe.

Kulikuwa na mtu wa Kumsenga, ndugu wa marehemu mumewe kwa upande fulani, aliyekuwa amemwahidi ng'ombe jike amfugie. Sasa mtu huyo amesikia habari za mbuzi. Hakukataa. Amesema tu alete karatasi ya bwana mifugo inayoeleza mbuzi zile zilikufa vipi, naye atampa ng'ombe.

"Wewe ni serikali," akasema yule mama. "Ukiandika wewe, ataamini."

Nikavuta karatasi. Nakala ya taarifa niliyoipeleka kwa mradi ilikuwa kwenye faili mbele yangu, na mratibu alikuwa nayo, na wafadhili walikuwa nayo. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: ninathibitisha kwamba mbuzi watano waliokuwa wakitunzwa na mama huyu walikufa kwa homa ya mapafu, na kwamba hawakuchinjwa wala kuuzwa. Nikaweka sahihi. Nikapiga muhuri, nikaupuliza ukauke. Nikampa.

Hakujua kusoma. Akaishika kwa mikono miwili, akaiangalia, akanirudishia. "Nisomee."

Nikasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mvua haimo?" akauliza.

"Haimo."

"Na shuleni haimo?"

"Haimo, mama."

"Na wewe?"

Nje mtu alikuwa anapita akiuza mahindi ya kuchemsha, anaita wateja. Yule mama alisubiri mpaka sauti ile ikapotea. Kisha akaiweka karatasi mezani na kuisukuma taratibu kuelekea upande wangu.

"Basi kaa nayo, bwana mifugo," akasema bila hasira. "Nikimpelekea hii, atasema nilikuwa na ugonjwa bandani nikaficha. Heri niende mikono mitupu, nimwambie hukuwepo ofisini."

Akainuka, akanishukuru kwa kumpokea, akanitakia Krismasi njema. Nilimsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi nikakaa. Kalamu ilikuwa bado iko wazi. Muhuri ulikuwa na wino wa kutosha, na kwenye droo kulikuwa na rimu nzima ya karatasi nyeupe. Nilimwona kupitia dirishani akivuka barabara, akashika njia ya Kumsenga, mwendo wake wa pole, na kwa muda mrefu alikuwa karibu kiasi kwamba ningemwita angesikia. Sikuandika nyingine.